Vinanda Bubu vya Nyanda za Juu Kusini

Kuna rai iliyoenea miongoni mwa watu wenye elimu, na kwa kuwa imeenea hudhaniwa kuwa ni kweli. Rai yenyewe ni hii: kwamba gramafoni ya kutia ufunguo, kisanduku cha muziki na santuri zilizokwaruzika ni masalio ya wageni, kwamba hazina nafasi katika historia ya watu wa Iringa na Mbeya, na kwamba mtu azikusanyaye ama ni mchuuzi wa vikorokoro ama ni mtu aliyekosa kazi. Rai hii husemwa kwa maneno ya kizalendo, na kwa sababu hiyo wengi huona haya kuipinga. Lakini kuona haya si hoja. Rai ikiwa ya kweli haitadhurika kwa kupimwa. Ikiwa ya uongo, yafaa ianguke mapema, maana inapoachwa bila kupingwa mnunuzi wa vyuma chakavu hupita mlangoni na mizani yake, na kilichomo nyumbani huondoka kwa uzito wake, si kwa thamani yake.

Kwanza na ielezwe ni vitu gani vinavyobishaniwa. Kinanda cha mtambo ni chombo cha muziki kijipigacho chenyewe. Mtu hutia ufunguo, kamani hukazwa, magurudumu yenye meno huzunguka, na sauti hutoka bila ya vidole vya mpigaji. Katika kisanduku cha muziki, silinda ya shaba iliyopandwa vijiti vidogo huzunguka ikigusa chanuo la chuma, na kila jino la chanuo hutoa sauti yake. Fundi saa wa Geneva, Antoine Favre, aliuonyesha ufundi huo mwaka 1796. Katika karne iliyofuata viwanda vya Leipzig vilitengeneza visanduku vilivyopiga nyimbo kwa sahani za chuma zilizotobolewa, na baadaye zikatokea piano zilizoongozwa na karatasi yenye matundu. Mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani alifanya jambo kubwa kuliko hayo: mtambo wake haukupiga wimbo uliopangwa na fundi, bali ulinasa sauti ya mwanadamu na kuirudisha. Miaka 10 baadaye, mwaka 1887, Emile Berliner aliiweka sauti juu ya sahani bapa, na gramafoni ikazaliwa.

Wapo wataalamu wanaozitenga gramafoni na vinanda vya mtambo, wakisema kwamba kinanda hupiga na gramafoni hurudia tu. Katika Nyanda za Juu Kusini mgawanyo huo hausaidii kitu. Kisanduku cha muziki kilikaa katika sebule za matajiri wa Ulaya. Gramafoni ndiyo iliyopanda milima. Kamani ni ileile, ufunguo ni uleule, na mshangao wa msikilizaji wa kwanza ulikuwa uleule. Basi hukumu itakayotolewa juu ya gramafoni ndiyo itakayovikuta vinanda hivi vyote.

Mjini Utrecht, nchini Uholanzi, yako makumbusho yaliyotokana na maonyesho ya mwaka 1956, nayo tangu mwaka 1984 yamo ndani ya kanisa la kale. Huitwa Museum Speelklok. Humo mgeni hasimamishwi mbele ya kioo akaambiwa asome karatasi. Mwongozaji humtangulia, hutia ufunguo, huzungusha mkono wa mtambo, na vinanda hulia: saa zenye nyimbo, visanduku vidogo, na vinanda vya barabarani ambavyo sauti yake hujaza jumba. Kuna karakana ambamo mafundi huvitengeneza. Waholanzi wametambua jambo jepesi ambalo wengi hawalitambui: kinanda kisicholia ni samani.

Mzungumzaji wa Kiswahili hakuhitaji kwenda Uholanzi kujifunza neno hilo, kwani lugha yake ilikwisha kumfundisha. Santuri ni jina la kinanda cha nyuzi cha Uajemi na nchi za Kiarabu, kipigwacho kwa vijiti viwili vyepesi. Jina hilo lilivuka bahari, likapewa mtambo wa muziki, kisha likaishia kwa sahani izungukayo juu ya mtambo. Waswahili hawakuona shida kukihamisha kinanda cha vijiti kwenye kinanda cha kamani, kwa kuwa masikio yao yaliwaambia kwamba kazi ni moja. Kitenzi nacho ni kimoja. Mtu hupiga ngoma, hupiga zeze, hupiga kinanda, hupiga santuri. Ngoma isiyopigwa ni gogo lenye ngozi. Santuri isiyopigwa ni kisahani cheusi. Na neno makumbusho limetokana na kumbusha, kitenzi chenye umbo la kutendesha: mmoja humfanya mwingine akumbuke. Gramafoni iliyofungiwa katika kabati la kioo, yenye karatasi ya jina na mwaka na onyo la kutoigusa, humkumbusha nani, na humkumbusha nini? Mtoto aitazamaye huona pembe kubwa na sanduku dogo. Huondoka akijua umbo la kitu asichokijua.

Makosa basi ni mawili, nayo ni ndugu. Kosa la kwanza ni la yule asemaye kwamba mtambo huu ni takataka. Kosa la pili ni la yule autunzaye bila kuulisha kazi yake. Wa kwanza huuza sauti kwa kilo. Wa pili huizika kwa heshima.

Asemaye kwamba mitambo hii haiwahusu watu wa nchi hii na aitazame historia yake. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijatulia, mtaalamu wa Kijerumani Karl Weule alisafiri kusini mwa koloni, pande za Lindi, Masasi na Newala, akiwa na fonografu. Alinasa sauti za watu katika silinda za nta, zikiwamo nyimbo za Wanyamwezi. Silinda zilikwenda Berlin, kwenye hazina ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, na mwaka 1909 Erich von Hornbostel aliandika juu ya nyimbo hizo za Wanyamwezi kwa kuzisikiliza silinda. Hii ndiyo asili ya elimu ya muziki wa nchi hii katika vitabu vya Ulaya: nta, sindano na pembe. Hazina hiyo ilipitia vita na uhamisho. Sehemu yake kubwa ilichukuliwa hadi Leningrad, ikarudishwa Berlin ya Mashariki, na mwaka 1999 iliandikwa katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia. Wanyamwezi walioimba mwaka 1906 wamo katika orodha hiyo. Wajukuu wao wanaambiwa kwamba fonografu ni mambo ya Wazungu.

Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay kuimba mbele ya mtambo wa kunasia sauti. Santuri zake zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba kiasi cha dakika tatu tu. Wimbo wa taarabu uliozoea kuendelea mpaka wasikilizaji watosheke ulilazimika kukatwa, na nusu yake ikakaa upande wa pili wa sahani. Mtambo ulilitia mkono shairi. Mwanafunzi wa fasihi ajiulizaye kwa nini wimbo fulani wa zama zile huishia pale unapoishia, huenda jibu lake limo katika upana wa sahani, wala halimo katika kitabu chochote cha arudhi.

Katika Nyanda za Juu habari ilikuwa na sura yake. Mji wa Mbeya ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1920, dhahabu ya Lupa ilipovuta wachimbaji, wafanyakazi na wenye maduka. Kutoka Rungwe vijana wa Kinyakyusa walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Kopabelti na ya Afrika Kusini, na katika nchi zile zote gramafoni ilikuwa miongoni mwa mali ambazo mtu wa migodini alitamani kurudi nazo kijijini. Sababu yake ni wazi. Gramafoni ya mkononi ilifungwa kama sanduku la safari, haikuhitaji umeme wala betri, na mtoto aliweza kuitia ufunguo. Mahali ambapo nguzo ya umeme haikufika, kamani ilifika. Santuri zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa Bara Hindi zilileta sauti za Zanzibar, za Mombasa na za Kuba kwenye baridi ya milimani. Dansi la Tanganyika halielezeki bila ya santuri hizo. Salum Abdallah wa Morogoro, aliyefariki mwaka 1965, aliliita kundi lake Cuban Marimba, na nyimbo zake zilitoka katika santuri za Mzuri, zilizotolewa na duka la Assanand la Mombasa. Kuba haikufika Morogoro kwa meli. Ilifika kwa sindano.

Hata hivyo mkaidi ataendelea kusema: hayo yote yathibitisha tu kwamba watu walisikiliza vya wengine. Na apewe mfano wa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mnasaji wa nyimbo aliyekuwa akizunguka Afrika Mashariki na mitambo yake garini, aliwasikia wasichana wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu swala. Jina hilo lilikuwa la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake iliwafikia Wakipsigis kwa gramafoni. Wao hawakumwiga wala hawakumwabudu. Walimsikia, wakamtilia shaka, wakampa miguu ya swala, wakamtia katika wimbo wao na kinanda chao. Nani hapo alikuwa bwana wa mwenziwe, mtambo au msichana? Mtambo ulisema maneno yake yaleyale kila ulipotiwa ufunguo. Msichana ndiye aliyeunda neno jipya.

Katika safari za mwaka huohuo wa 1950 Tracey alinasa pia muziki wa Wahehe, pamoja na ligombo: ubao uliochongwa kama hori, nyuzi zikavutwa juu yake, na kibuyu kikaukuza mlio. Sauti hizo zimo katika hazina aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji wa Makhanda, Afrika Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala za nyimbo za Wakipsigis zilirudishwa kijijini, na baadhi ya waliokuwapo siku ya kunaswa walikutwa wangali hai, wakajisikia walivyokuwa vijana. Hapa mtu wa Iringa hana budi kuuliza. Ligombo la mwaka 1950 linasikika wapi leo kati ya Mto Ruaha na Milima ya Udzungwa? Katika darasa gani? Katika chumba gani cha makumbusho, siku gani, saa ngapi?

Iringa ndiyo hasa inayostahili kuulizwa swali hilo, kwa sababu Iringa inajua kudai. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, na kichwa chake kikachukuliwa Ujerumani. Baada ya vita kuu ya kwanza, kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliamuru fuvu lirudishwe. Halikurudi upesi. Lilirudi tarehe 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi huko Kalenga, na mpaka leo lipo Kalenga katika makumbusho yake. Miaka 56 ilipita, na watu hawakusema kwamba mfupa ni mfupa tu. Basi ikiwa mfupa ulistahili kusubiriwa miaka 56, sauti yastahili nini? Tena sauti ni rahisi kudaiwa kuliko fuvu. Fuvu ni moja: likiwapo Bremen halipo Kalenga. Sauti ikinakiliwa haimpungukii aliyekuwa nayo, na humtosha aliyekuwa hana. Hapana mkataba wa mataifa unaohitajika, wala gavana. Unahitajika mtu wa kuandika barua na chumba chenye mtambo wa kuipiga.

Sasa zitajwe hoja za wapinzani, maana si haki kumpiga mtu asiyepewa nafasi ya kusema.

Hoja yao ya kwanza ni ya methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Ligombo ndilo mbachao, wasema, na gramafoni ni msala upitao. Kwa nini fedha ya umma itumike kutunza msala wakati mbachao unachakaa? Methali ni nzuri, lakini imetupwa upande usio wake. Msala wa leo si gramafoni. Gramafoni imekwisha kupita, ikakaa, ikazeeka pamoja na watu wake, na sasa inatupwa kama mbachao mwingine wowote. Isitoshe, wapinzani hawa hawajaonyesha ligombo lipi waliloliokoa kwa fedha waliyoinyima gramafoni. Aghalabu asemaye kwamba kitu hiki kisitunzwe kwa sababu kile kinahitaji zaidi, huwa hakitunzi hiki wala kile. Na ukweli ulio mkubwa zaidi ni kwamba ligombo la mwaka 1950 haliwezi kusikika bila ya mtambo. Aliyelipiga hayupo kulipiga tena. Chuma cha mgeni kimekuwa mtunzaji wa mlio wa mwenyeji, na amtukanaye mtunzaji na akumbuke alichomwekea.

Hoja ya pili ni ya simu. Nyimbo zote, wasema, zimo katika simu ya mkononi. Mtu atake nini kwa sanduku zito na sahani ivunjikayo? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, si kweli kwamba nyimbo zote zimo. Simu ina zile ambazo mtu fulani, mahali fulani, alikuwa na santuri nzima na mtambo mzima wa kuipiga, akainakili. Zile ambazo mtambo wake uliuzwa kwa kilo kabla ya kunakiliwa hazimo, wala hazitakuwamo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na tepu nyingi za bendi na ngoma za mikoani zilizonaswa miaka ile zimerithiwa na shirika la utangazaji la taifa. Tepu isiyo na mashine ya kuisoma ni utepe wa kahawia. Mwenye kutupa mashine hutupa tepu zote zilizoitegemea, ingawa hazijatoka rafuni. Pili, simu humpa mtu wimbo bila kumwonyesha jinsi wimbo ulivyosikilizwa. Santuri iliwataka watu wakae pamoja, mmoja atie ufunguo, mmoja abadilishe sindano, wengine wanyamaze, kwa sababu baada ya dakika tatu sauti ilikwisha. Utaratibu huo ni sehemu ya historia ya usikilizaji, kama baraza lilivyo sehemu ya historia ya hadithi.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko hizo, nayo hutoka kwa wahifadhi wenyewe. Wasema: kitu cha kale kikitumiwa huchakaa. Sindano ya chuma hula mfereji wa santuri. Kamani iliyokazwa mara nyingi hukatika. Basi kioo ni huruma. Hoja hii ni ya haki, na haijibiwi kwa kelele. Ni kweli kwamba santuri iliyo peke yake duniani haifai kuzungushwa mbele ya kila darasa. Lakini dawa yake ni utaratibu. Santuri adimu inakiliwe mara moja kwa vyombo vya kisasa, kisha ipumzishwe. Zile zipatikanazo kwa wingi ndizo zipigwe, kila upande kwa sindano mpya, kama waliozitengeneza walivyoagiza. Gramafoni moja itunzwe kwa utafiti. Ya pili, iliyotengenezwa vema na fundi, ilie. Huko Utrecht vinanda vyenye thamani kubwa kuliko chochote kilichobaki Mbeya hulia mbele ya wageni, kwa kuwa kuna karakana nyuma ya ukumbi. Ambaye hana karakana ndiye akimbiliaye kioo, kisha akaiita hofu yake kwa jina la hifadhi.

Hoja ya nne ni ya fedha: zahanati kwanza, madawati kwanza. Hakuna mwenye akili atakayeshindana na zahanati. Lakini gharama yenyewe itajwe, isifichwe nyuma ya neno fedha. Hapatakiwi jumba jipya. Iringa tayari ina Boma, jengo la enzi za Wajerumani lililofunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa na kituo cha utamaduni, kwa kazi iliyofanywa pamoja na Chuo Kikuu cha Iringa. Hilo lilikuwa jambo jema, nalo limeonyesha kwamba nyumba iliyotumiwa kumtawala mwenyeji yaweza kugeuzwa kumtumikia. Kilichoweza kufanyiwa nyumba chaweza kufanyiwa sanduku. Wala mafundi hawahitaji kuagizwa kutoka nje. Katika masoko ya Mbeya na Iringa wako mafundi saa na mafundi cherehani ambao maisha yao yote wameshughulika na kamani, ekseli na magurudumu yenye meno. Gramafoni haina siri iwashindayo. Ila hao nao wanazeeka, na saa za kamani zinapungua mikononi mwa watu. Kila fundi saa afungaye meza yake hufunga na shule.

Lakini lawama kubwa haiwaangukii wachuuzi wa vyuma, kwani wao hutafuta riziki, wala haiwaangukii watunzaji wa makumbusho, kwani wao hupewa chumba kimoja na funguo tatu. Lawama kubwa inawaangukia wasomi, na hasa wasomi wa Kiswahili. Kwa miaka mingi vyuo vimefundisha fasihi simulizi kwa karatasi. Wimbo huandikwa ubaoni, mishororo huhesabiwa, tamathali huorodheshwa, na mwanafunzi hupewa alama kwa kuchambua wimbo ambao hajausikia hata mara moja. Tasnifu huandikwa juu ya nyimbo za jando, za kilimo na za vita, na mwishoni huwekwa maneno yake bila sauti, kama mtu atoaye maelezo ya pilau kwa kuhesabu punje. Simulizi gani hiyo isiyosimuliwa? Mhadhiri akiulizwa juu ya mahadhi husema kwamba hayo ni ya idara ya muziki. Idara ya muziki ikiulizwa juu ya maneno husema kwamba hayo ni ya idara ya Kiswahili. Na santuri, ambayo maneno na mahadhi vimo katika mfereji wake mmoja, haina idara. Wasomi hawa ndio waandikao katika majarida kwamba jamii imeusahau urithi wake. Jamii haikusahau. Jamii iliuza kile ambacho hakuna aliyeieleza kuwa ni kitu.

Nao wapendao vitu vya kale wasijione wameokoka. Wapo wanunuao gramafoni kwa ajili ya kupamba ukumbi wa hoteli, wakaweka maua pembeni yake, na mgeni akapiga picha. Wapo pia wauzao gramafoni zilizoundwa juzi, zenye pembe ya shaba nyangavu na sanduku lililopakwa rangi ya uzee, wakaapa kwamba zilikuwa za gavana. Anayependa umbo bila sauti hustahili kudanganywa hivyo, kwani hana njia ya kupambanua. Sikio ndilo lingemwambia.

Basi yanayotakiwa ni mambo matatu, na yasemwe wazi ili yakikataliwa yakataliwe wazi.

La kwanza, Iringa iwe nyumba ya sauti. Nakala za muziki wa Wahehe ulionaswa mwaka 1950, na za sauti nyingine za Nyanda za Juu zitakazopatikana katika hazina za Makhanda, Berlin na Dar es Salaam, ziombwe rasmi na ziwekwe mahali ambapo mwananchi wa kawaida ataingia, ataomba, na atasikia. Wazee waitwe wazisikilize kabla ya wasomi kuziandikia maelezo, kwa kuwa mzee atatambua jina na mahali ambapo mtaalamu ataona namba tu.

La pili, Mbeya iwe karakana ya mitambo. Mji huo una Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, na chuo cha aina hiyo hakiwezi kusema kwamba kamani si elimu. Mwanafunzi wa uhandisi akae meza moja na fundi saa wa sokoni, mmoja akiwa na vipimo na mwingine akiwa na vidole, watengeneze gramafoni, mashine za tepu na redio za kale, na kila kilichopona kipelekwe Iringa kikalie kazi. Kati ya miji hiyo miwili kuna kiasi cha kilomita 330 za lami. Sauti bila mtambo haisikiki, na mtambo bila sauti hauna la kusema. Miji hii miwili ikitendana hivi, itatoa kwa pamoja kitu ambacho hakuna mmoja wao awezaye kukitoa peke yake.

La tatu, idara za Kiswahili ziache kutahini viziwi. Asitunukiwe mtu shahada ya fasihi simulizi asiyewahi kuketi mbele ya sauti iliyonaswa, akaandika kwa mkono wake kile alichokisikia, akakosea, akarudia, akagundua kwamba mwimbaji alivuta irabu pale ambapo kitabu kiliweka nukta. Hilo halihitaji bajeti ya serikali. Linahitaji mhadhiri aliye tayari kunyamaza dakika tatu.

Yatasemwa kwamba madai haya ni makubwa mno kwa ajili ya masanduku ya kutia ufunguo. Yanayodaiwa hapa ni masikio. Watu waliosubiri miaka 56 kwa ajili ya fuvu lisilosema neno hawana udhuru wa kuachia kinywa kisemacho kiende kuyeyushwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu hatasubiri kongamano. Yuko njiani leo, na katika mkokoteni wake, chini ya mabati na sufuria zilizotoboka, imelala pembe ambayo ilikuwa ikiimba.